Kiwanda Nyuma ya Boila

Watu wakisikia kwamba kituo cha umeme wa makaa ya mawe kina mtambo wa kuondoa salfa, wengi hudhani ni kichujio: unakinunua, unakifunga kwenye bomba la moshi, unaendelea na shughuli zako. Mimi ni mwendeshaji wa mtambo huo. Nimetoka Tanga, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu iko kwenye kituo kimoja kando ya mto Ohio, Marekani. Hakuna kichujio pale. Kuna kiwanda kizima nyuma ya boila, chenye mawe yake yanayoletwa kwa matishari, vinu vya kusaga, matangi, pampu, maabara, mkanda wa kukamulia, maji taka yake na bidhaa yake. Boila inazalisha umeme. Sisi tulio nyuma tunazalisha jipsamu, tupende tusipende, usiku na mchana, kwa kadiri ya salfa iliyomo kwenye makaa.

Hesabu kwanza, maana wageni wanaotembezwa kituoni huwa hawaisikii. Chukua boila moja ya megawati 600. Ikiwa na mzigo kamili inakula makaa takriban tani 250 kwa saa. Makaa ya mabonde haya, ya Ohio na Illinois, yana salfa nyingi. Asilimia 3 si ajabu. Hapo una tani saba na nusu za salfa kila saa, na kila tani ikiungua inakuwa tani mbili za gesi ya salfa dayoksaidi. Tani 15 kwa saa. Kuinasa gesi hiyo kunataka mawe ya chokaa karibu tani 25, na ukishainasa unabaki na jipsamu inayokaribia tani 40. Kwa siku moja, boila moja, tani 600 za mawe zimeingia na zaidi ya tani 900 za jipsamu zimetoka. Zote hizo lazima zisagwe, zisukumwe, zikorogwe, zikamuliwe na zibebwe. Kitu kimoja kikikwama popote katika mlolongo huo, gesi haikusubiri.

Namna kazi inavyofanyika si siri. Jiwe linasagwa na maji ndani ya kinu chenye mipira ya chuma mpaka liwe laini kuliko sembe, karibu punje zote zikiwa chini ya mikroni 44. Uji huo unaingizwa kwenye tangi lililo chini ya mnara. Moshi unaingia mnarani ukiwa na joto la nyuzi 150 hivi na kuanza kupanda. Pampu zinaunyanyua uji hadi juu na kuunyunyiza kwa mamia ya nozo, ushuke ukikutana na moshi. Gesi inayeyuka ndani ya matone, inakutana na chokaa, inakuwa salfaiti. Mashine za hewa zinapuliza chini ya tangi na salfaiti inakuwa salfeti, ambayo ndiyo jipsamu. Moshi unatokea juu umepoa hadi nyuzi 50 na kidogo, umelowa chepe. Mambo yakienda sawa, asilimia 97 au 98 ya salfa imebaki chini.

Uji ule unakula chuma. Pampu zetu za mzunguko zina mota zinazovuta umeme karibu megawati moja kila moja, na mapanga yake yanasagwa na kile kinachopita ndani. Ukiitoa pangaboi iliyofikia mwisho wa maisha yake unaikuta imechongoka kingo, imetoboka, nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Mabomba yamevikwa mpira kwa ndani ili yasilike. Mpira huo ukibanduka haubaki mahali pake; unasafiri na uji, unafika kwenye nozo, unaziba. Nozo zikiziba upande mmoja wa mnara, moshi unapata njia kavu ya kupanda bila kuguswa na tone. Skrini yako inaonyesha pampu zote zinazunguka, shinikizo zuri, lakini salfa inapita. Utakijua kilichotokea siku utakapofungua mlango na kuingia ndani na tochi.

Namba tunayoiangalia kuliko zote ni pH ya uji. Tunaishikilia kati ya 5.2 na 5.8. Ukiipandisha, gesi inanaswa vizuri lakini mawe hayayeyuki. Unayatupa mabichi pamoja na jipsamu, na ganda linaanza kujijenga kwenye mabomba. Ukiishusha, mawe yanayeyuka vyema lakini gesi inakupita. Vipima pH vimezama ndani ya uji wenye punje ngumu. Vinakwaruzika, vinafunikwa na ganda. Kikishafunikwa, kipimo kinaendelea kusema 5.6 saa baada ya saa, mstari umenyooka kabisa kwenye skrini, na mgeni atausifu mstari ule. Sisi ukitunyookea hivyo tunashtuka. Tunachukua ndoo, tunashuka, tunachota sampuli kwa mkono na kuipima maabara. Kazi hiyo inafanyika kila shifti, hata theluji ikianguka.

Na mawe hayafanani. Tanga nilikulia karibu na mawe ya chokaa, viwanda vya saruji viko pale kwa sababu yake, na nilikuja huku nikidhani jiwe la chokaa ni jiwe la chokaa. Likiwa na magnesi nyingi halipatani na tindikali kwa muda tulionao; linazunguka na kutoka kama lilivyoingia. Likiwa na udongo wa mfinyanzi linaleta alumini, na alumini nitaieleza hivi karibuni. Mnunuzi aliye ofisini anaona bei ya tani. Tishari likishafunga gati na mawe yakishamwagwa kwenye rundo, hakuna wa kuyarudisha. Januari yanaganda. Mawe yaliyolowa yanashikana ndani ya hopa yakawa kitu kimoja, na watu wazima wanasimama juu ya wavu na mitarimbo kuyavunja huku baridi iko nyuzi 15 chini ya kiwango cha kuganda, kwa sababu uji uliomo kwenye tangi la akiba ni wa saa chache tu.

Usiku mmoja wa baridi kama hiyo, sehemu mbili za mtambo wa kunasa majivu zilizimika, moja ikifuata nyingine. Mtambo huo uko mbele yetu. Unatumia umeme kunasa majivu laini kabla moshi haujafika mnarani. Wenzetu wa upande wa boila walihangaika kuzirudisha na hawakupunguza mzigo, maana usiku ule bei ya umeme ilikuwa juu. Majivu yakaanza kutujia. Kwa macho huoni lolote, mnara ni chuma mwanzo mwisho. Tulichoona ni pH ikishuka: 5.5, 5.3, 5.0. Kompyuta ikafanya ilichofundishwa, pH ikishuka iongeze chokaa. Ikaongeza. pH ikazidi kushuka.

Majivu yanabeba alumini, makaa yanabeba floridi. Vikikutana ndani ya maji vinafanya utando juu ya kila punje ya chokaa. Punje ipo, tena tele, ila imefungiwa, tindikali haiifikii. Ukiendelea kuongeza chokaa unajaza tangi mawe ambayo hayatayeyuka, na utando ukija kuachia yote yanafanya kazi kwa mpigo na pH inaruka upande wa pili. Mzee mmoja wa shifti yetu, mtu wa West Virginia aliyeanza kazi hii kabla sijamaliza shule, aliitoa kompyuta kwenye otomatiki, akafunga valvu ya chokaa, akapiga simu juu kutaka mzigo ushushwe. Alijibiwa kwa ukali. Akakaa kidogo, akapiga tena, akasoma namba moja moja bila kupandisha sauti. Mzigo uliposhuka tukaingiza soda kali kuinua pH, tukaanza kuutoa uji mchafu kwenda tangi la dharura na kuleta mpya. Kulikuwa kunapambazuka namba zilipoanza kurudi mahali pake.

Kwa saa zile, salfa iliyotoka juu ilikuwa mara kadhaa ya kawaida yetu. Ripoti ilikwenda serikalini, kwa sababu ndani ya chimni kuna vipimo vinavyorekodi saa zote na sheria haikuruhusu kuvizima. Mtu aliyekuwa akipita na gari barabara ya ng'ambo ya mto aliona wingu jeupe lilelile la kila siku.

Wingu hilo ndilo linalowapotosha watu. Ni mvuke wa maji ya mnara. Linaonekana zito na la kutisha mtambo ukiwa unafanya kazi yake barabara. Salfa dayoksaidi haina rangi, kwa hiyo mnara ukisimama na moshi ukatoka mkavu, anga juu ya kituo huonekana safi zaidi. London walilijua jambo hilo zamani. Kituo cha Battersea kilikuwa kikiosha moshi wake tangu miaka ya 1930 kwa maji ya mto Thames na chaki, na vita kuu ya pili ilipokuja uoshaji ulisitishwa, kwa hofu kwamba mvuke mweupe ungewaonyesha marubani wa adui mahali pa kulenga. Wakazi wa mtaa walipumua salfa yote, na chimni ilionekana safi.

Sehemu ya mtambo ninayoiogopa kuliko zote iko juu kabisa ya mnara, nayo ni vinasa matone. Ni safu za mabamba ya plastiki yaliyokunjwa kona kona. Moshi unapinda kufuata kona, tone zito linashindwa kupinda, linagonga bamba na kudondoka. Matone hayo yana chokaa na jipsamu, kwa hiyo mabamba yanatakiwa yaoshwe kwa maji safi mara kwa mara, sehemu baada ya sehemu. Hapo pana mtego ambao mtu wa nje hawezi kuubaini. Maji ya kuoshea yanashukia tangini. Mzigo ukiwa mkubwa, moshi wa moto unakausha maji mengi na tangi linabaki na nafasi. Siku hizi gesi asilia na upepo vimetusukuma, boila inashinda kwenye nusu mzigo, maji hayakauki, tangi linajaa. Mwendeshaji anabaki na mambo mawili: amwage uji, au apunguze kuosha. Kupunguza kuosha hakuna kengele inayolia. Ganda linaanzia hapo.

Kituo kikizimwa kwa matengenezo, tunaingia. Kabla ya kuingia kila pampu, kila kikorogeo na kila valvu inafungwa kufuli, na kila mtu ana kufuli yake na ufunguo wake mfukoni. Hewa inapimwa. Mtu mmoja anabaki mlangoni na daftari la majina, na haruhusiwi kutoka pale hata kwenda chooni mpaka apate wa kumpokea. Ndani ni giza na fukuto, kuta zinatiririka. Ganda lina rangi ya kijivu iliyofifia na tabaka tabaka. Mahali pengine unene wake unafikia upana wa kiganja. Hakuna anayeruhusiwa kusimama chini kabla la juu halijaangushwa, kwa kuwa kipande kikichomoka kutoka huko juu kofia ya kazi haisaidii kitu.

Mwaka mmoja tulifungua mlango tukakuta safu nzima ya mabamba imeporomoka na kulalia mabomba ya nozo. Uzito wa ganda ulizidi nguvu ya viunzi. Dalili ilikuwepo kwa miezi: tofauti ya shinikizo juu na chini ya safu ile ilipanda kidogo kidogo. Iliandikwa kwenye daftari la shifti, na si kwa mwandiko wa mtu mmoja. Jibu la wakubwa lilikuwa tuvute mpaka matengenezo ya majira ya kuchipua. Tukavuta. Bei ya mabamba mapya, mabomba yaliyovunjika na wiki zilizoongezeka bila kuuza umeme ingelipia maji ya kuosha ya miaka.

Vikorogeo navyo havistahimili mzaha. Vinazunguka chini ya tangi ili uji usitulie. Umeme wa ndani ukikatika vikasimama, chokaa na jipsamu vinaanza kuzama palepale. Una muda mfupi wa kuvirudisha. Ukichelewa, unavikuta vimezikwa na mota zinashindwa kuvianzisha. Kinachofuata ni kumwaga tangi na kuingiza watu na majembe na mipira ya maji ya kasi. Nimeshika jembe hilo. Jipsamu iliyotulia na kushikana inachimbika kwa jasho.

Ipo pia salfa ambayo mnara hauigusi. Sehemu ndogo ya gesi inaongezeka oksijeni na kuwa salfa trayoksaidi, na mtambo unaopunguza oksidi za naitrojeni huongeza kiasi hicho kwa sababu ya vichocheo vyake. Ikipozwa ghafla mnarani inakuwa ukungu wa tindikali, matone madogo mno yanayopenya katikati ya uji unaoshuka bila kuguswa. Juu linatoka wingu lenye rangi ya bluu. Kijiji cha Cheshire, katika jimbo hili la Ohio, kiko jirani na kituo cha Gavin, na kituo hicho kilikuwa na minara ya salfa tangu miaka ya 1990. Kiangazi cha 2001, mitambo ya naitrojeni ilipowashwa, ukungu ule ulishukia nyumba za watu. Mwaka uliofuata kampuni ilinunua karibu kijiji chote kwa takriban dola milioni 20, familia zikahama. Wenye umri wangu kwenye bonde hili wote wanaijua habari hiyo.

Dawa ya ukungu huo ni unga mkavu unaopulizwa ndani ya moshi kabla haujafika mnarani: chokaa iliyozimwa, au magadi. Ndiyo, magadi haya yanayochimbwa Ziwa Magadi, Kenya. Ya huku yanatoka Green River, Wyoming, kwa mabehewa ya treni. Yanafanya kazi vizuri mno kwa kazi hiyo, kisha yanaleta yake. Yanashika unyevu na kuziba mipira ya kupulizia, hivyo daima kuna mtu na nyundo anagonga bomba. Na sodiamu yake inaingia kwenye majivu. Majivu yaliyokuwa yakiuzwa kwa watengeneza zege yanakataliwa, yanakwenda dampo, na huko mvua inapoyapitia, aseniki na selenia zinatoka kwa urahisi kuliko zamani. Umeondoa salfa hewani, sasa una kazi kwenye udongo. Hiyo ndiyo tabia ya fani hii yote, na hakuna anayeiandika kwenye kipeperushi.

Jipsamu yenyewe ina masharti yake. Nyumbani jipsamu, ambayo tunaiita jasi, inachimbwa ardhini, kama kule Makanya, Same. Huku sehemu kubwa ya bodi za jipsamu zinazofunika kuta na dari za nyumba zinatokana na moshi wa makaa. Mnunuzi anataka unyevu chini ya asilimia 10, usafi zaidi ya asilimia 95, kloridi karibu na sifuri. Kitambaa cha mkanda wa kukamulia kikichakaa, au maji ya kusuuzia yakiwa machafu, malori yanarudi na mzigo. Mzigo uliorudi hauna pa kwenda ila dampo letu, na dampo lina kibali chenye kikomo.

Kloridi ndiyo inayotutesa zaidi. Inatoka kwenye makaa, haitoki na jipsamu, haikauki. Inazunguka na kujilimbikiza majini mpaka uifukuze. Usipoifukuza inakula mnara. Miaka ya 2000 ilipokaribia mwisho, vituo vingi vya Marekani vilijenga minara kwa chuma cha pua cha aina ya 2205, kikitarajiwa kudumu kwa miongo. Baada ya muda mfupi wakaguzi walianza kukuta vishimo chini ya ganda, vingine vimetoboa upande wa pili. Mafundi wakabandika mabamba ya aloi ghali zaidi, wakapaka rangi maalumu, wakashusha kiwango cha kloridi. Ukishusha kloridi unamwaga maji mengi zaidi, na maji hayo yana zebaki na selenia, kwa hiyo unahitaji mtambo mwingine wa kuyatibu kabla hayajaingia mtoni. Huo nao una matangi, pampu na shifti yake.

Naandika haya bila kuudharau mtambo. Nimeona unachofanya. Mwaka 1990, kabla ya sheria ya mvua ya tindikali kuanza kubana, vituo vya umeme vya Marekani vilikuwa vikitoa zaidi ya tani milioni 15 za salfa dayoksaidi kwa mwaka. Sasa ni chini ya milioni moja. Sehemu ya punguzo hilo ni makaa yenye salfa kidogo kutoka Wyoming, sehemu ni vituo kufungwa, lakini sehemu kubwa ni minara hii na watu wanaoiosha. Maziwa ya milima ya kaskazini-mashariki yaliyokuwa yamekufa yanarudisha samaki. Kazi hii ina maana kwangu, na ndiyo sababu naumia nikiisikia ikitajwa kama kifaa cha kuagiza kwenye katalogi.

Shemeji yangu wa Lamu alinipigia wakati wa mjadala wa kituo cha makaa cha megawati 1,050 kilichopangwa kujengwa kule, kabla jopo la kitaifa la kesi za mazingira halijafuta leseni yake Juni 2019.

"Shemeji, nisaidie. Mtu akituambia kituo kitafungwa mtambo wa kutoa salfa, tumuulize nini?"

"Muulize mnara ukisimama, boila nayo itasimama?"

"Kwani haisimami?"

"Inategemea imejengwaje. Kuna vituo vina bomba la kukwepa. Mnara ukiharibika wanafungua mlango, moshi unapita pembeni, umeme unaendelea kuuzwa."

Alinyamaza. Kisha akauliza kuhusu maji, swali la mtu wa Lamu, ambako maji matamu ni ya visima na hayatoshi. Nilimwambia mnara unakunywa maji mchana na usiku, na mengi yanaondoka juu kama mvuke. Nikamwambia aulize mawe yatatoka machimbo gani, nani atayapima, jipsamu itamwagwa wapi mnunuzi akikataa, na vipimo vya chimni vitasomwa na nani asiyelipwa na kituo. Alitaka nimtumie kwa maandishi. Nilimtumia usiku uleule.

Lile la bomba la kukwepa halikuwa la kubuni. Kusile, kule Mpumalanga, ndicho kituo cha kwanza Afrika Kusini kujengwa na mtambo kama wetu. Oktoba 2022, njia ya moshi ya boila ya kwanza, pale inapoingia kwenye chimni, ililemewa na tope la chokaa lililokuwa limejilundika ndani yake, ikaanguka. Boila tatu zikawa nje, zaidi ya megawati 2,000, nchi ikiwa katikati ya mgao mkali wa umeme. Ili zirudi haraka, serikali ilikubali zitumie chimni za muda ambazo hazipiti kwenye mtambo wa salfa. Niliposoma habari ile sikushangaa hata chembe. Tope lile nalijua, nimelikoroga. Na uamuzi wa kuchagua umeme kwanza naujua pia. Mtu aliye gizani hana namna ya kudai gesi asiyoiona inaswe.

Medupi, kituo pacha cha Kusile, kilijengwa bila mtambo huo. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilikopesha dola bilioni 3.75, na kufunga mitambo ya salfa baadaye lilikuwa sharti mojawapo. Miaka mingi imepita, boila zote zimewashwa, moshi bado haujaoshwa. Lephalale ni kukame, mawe yako mbali, gharama ni kubwa. India iliweka viwango vikali mwaka 2015 na kutaka vifikiwe 2017. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, na Julai 2025 vituo vingi vikaondolewa sharti lenyewe. Sisemi walioamua ni watu wabaya. Kila mmoja wao alipiga hesabu ya tani za mawe na maji na spea, akaogopa. Hesabu hiyo ingepigwa kabla ya boila kujengwa, ingesaidia.

Kituo chetu kimeshatangaziwa mwaka wa kufungwa. Boila inayofungwa karibuni haipewi fedha, na mtambo wa salfa ndio wa kwanza kubanwa kwa kuwa hauuzi umeme. Shifti iliyokuwa na watu wanne nyuma ya boila sasa ina wawili. Aliyekuwa maabara amestaafu na nafasi yake haikutangazwa; sampuli za pH tunazipima wenyewe katikati ya mizunguko. Yule mzee wa West Virginia naye ameondoka. Vijana waliobaki ni wepesi na wana akili, lakini hakuna aliyewahi kuuona usiku wa alumini, na mafunzo ya kompyuta hayana ukurasa huo. Ninapokuwa nao zamu moja nawasimulia, nawaonyesha valvu ya chokaa, nawaambia siku pH ikishuka huku chokaa inaongezeka, funga hii kwanza ndipo upige simu.

Pampu moja ya mzunguko imesimama tangu kiangazi. Pangaboi yake imetoboka na mpya haikuagizwa, kwa hoja kwamba zilizobaki zinatosha kwa mzigo tunaobeba sasa. Zinatosha, ilimradi makaa yanayokuja yasiwe na salfa zaidi ya yale ya mwaka jana na nyingine isiharibike. Wiki iliyopita tishari la makaa lililetwa kutoka mgodi mwingine, wa bei nafuu. Karatasi ya maabara yao inasema salfa asilimia 3.4. Nimeiandika kwenye daftari la shifti, na nimeomba kwa maandishi mzigo wa juu upunguzwe mpaka pampu irudi. Bado sijajibiwa.